Bwana Harusi Yuko kwa Batool

Apolonia alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye hana wivu, na aliwaambia mara nyingi mno kwa mtu asiye na wivu. Asili yake ni Kilangala, kwenye mashamba ya ufuta, lakini ameishi Kilwa Masoko tangu aolewe. Ana genge mbele ya nyumba yake: mchicha, nyanya, matango, ndimu, mayai ya kienyeji kwenye bakuli. Binti yake Veronika yuko bweni Lindi. Mume wake Josephat ni dereva wa greda, mtu mpole, asiyelewa wala kupiga kelele, na mwenye ugonjwa mmoja tu usio na dawa. Ugonjwa huo ni ndege.

Alikuwa na chiriku wawili, madume wote, aliowalea tangu wakiwa makinda. Mmoja kifua chake kilikuwa cha njano iliyoiva kabisa, akamwita Bwana Harusi. Mwingine alikuwa mdogo kidogo, na mstari mweusi shavuni mwake ulikuwa mzito kama mtu aliyejipaka wino akiandika, akamwita Karani. Josephat aliwatengenezea matundu mawili ya mianzi yasiyotofautiana hata fito moja. Jioni akitoka kazini, kabla ya kuuliza chakula, alikuwa anasimama mbele ya matundu na kupiga mluzi. Apolonia alikuwa anamtazama akiwa jikoni, na roho inamuuma, kwa sababu yeye hajapigiwa mluzi tangu Veronika anaanza kutambaa.

Hilo angelivumilia. Asilolivumilia ni Batool.

Batool ni binti wa Mzee Noorali mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Aliolewa Lindi mjini, ndoa ikavunjika, akarudi kwa wazazi wake na sanduku moja la nguo na ndege wake wa rangi rangi. Ni rika la Apolonia, miaka arobaini na kitu, ila arobaini ya Batool ilikaa kivulini na ya Apolonia imekaa juani. Josephat akisema anakwenda dukani kununua misumari, alikuwa anarudi bila misumari, na mdomo umejaa: Bi Batool kasema hivi, Bi Batool kawafanyia ndege wake vile, Bi Batool ana mkono na ndege. Apolonia alikuwa anasikia hayo huku akikoroga mboga, na mwiko unagonga sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Basi kampuni ikampeleka Josephat kambini, barabara ya Liwale, kazi ya miezi. Asubuhi ya safari alikuwa na haraka, basi linapiga honi. Akamtundika Karani kwenye ndoano ya dirishani kwake. Kisha akachukua tundu la pili, akavuka hadi barazani kwa Noorali, akarudi mikono mitupu.

"Huyo mwingine umempeleka wapi?" Apolonia akauliza, ingawa aliona kwa macho yake.

"Bi Batool atanisaidia naye."

Akamuaga mkewe, akakimbilia basi. Apolonia akabaki amesimama na beseni la mchicha kiunoni. Kama angemchukua Karani ampeleke, ingekuwa nafuu. Lakini mtu na akili zake timamu kamchukua Bwana Harusi, kwa jina hilohilo, akampeleka kwa mwanamke asiye na mume!

Getrude, anayeuza maandazi ng'ambo ya njia, hakumwacha hata apumue. "Mwenzetu, tumesikia Bwana Harusi wako amehamia kwa jirani. Mahari amelipa nani?"

Watu wakacheka, na Apolonia akacheka nao ili asionekane ameumia.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Bwana Harusi alikuwa anaimba kule upande wa pili kuanzia alfajiri, sauti ndefu yenye madoido, mpaka wapita njia wanasimama. Karani naye, dirishani kwa Apolonia, alikuwa anatoa vijisauti viwili vitatu vya kukwaruza, basi. Kila Bwana Harusi alipoimba, Apolonia alisikia maneno: ana mkono, ana mkono, ana mkono. Na kila Josephat alipopiga simu, hakosi kuuliza, "Ndege hajambo?" Apolonia anajibu hajambo, anaimba sana, na ulimi unamuwasha kwa uongo.

Alijiapiza jambo moja. Josephat akirudi, chiriku wa nyumbani kwake ndiye atakayeimba kumshinda yule wa jirani, na mume wake amsikie, tena aseme kwa kinywa chake kwamba mke wake naye ana mkono. Hakutaka zaidi ya hapo. Kumuuliza Batool anawapa nini ndege wake, hilo hapana. Angekula mchanga kwanza.

Cha ajabu, Batool mwenyewe alikuwa mteja wake wa kila siku. Asubuhi anakuja na kikapu chake kidogo, anatoa salamu.

"Habari za kuamka, Mama Vero?"

"Nzuri, Bi Batool."

Anachagua mchicha kwa vidole, majani machanga tu, fungu moja. Tango moja dogo. Siku nyingine yai moja. Akishaondoka, Apolonia anasonya na kumwambia Getrude, "Duka lote lile, halafu yai moja! Wanakula au wanaonja?" Wala hakujiuliza zaidi, maana aliyejaa gere huwa na majibu yake tayari.

Siku moja Getrude alikuwa kwenye baraza la Noorali na sahani ya maandazi, na Apolonia yuko uani kwake anaanika nguo. Akasikia Getrude akiuliza, "Dada Batool, huyu ndege unampa dawa gani hata anaimba hivi?"

Batool akacheka. "Dawa wapi. Ni lishe tu, Mama. Lishe."

Apolonia akaacha nguo kwenye ndoo. Lishe! Kumbe ni hiyo tu? Nani asiyejua lishe? Veronika kalelewa kwa lishe, watoto wote wa Masoko wamelelewa kwa lishe, unga ule wa mahindi, ulezi, karanga na soya unaopikiwa uji, ambao manesi wa kliniki hawachoki kuusifia. Akafunga genge kabla ya adhuhuri, akaenda kununua pakiti. Akapika uji mwepesi, akaupoza, akamwekea Karani kwenye kifuniko cha chupa. Mwanzo Karani aliutazama uji kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Akaingiza mdomo, akautoa umegandamana, akaufuta kwenye fito. Apolonia akaona huyu anadeka, akaacha uji, akawa anamnyunyizia unga mkavu.

Na kwa kuwa hakutaka kumwiga Batool bila kumzidi, akaongeza cha kwao. Kaka yake Klementi alikuwa amemletea ufuta kutoka Kilangala, mweupe, umepepetwa, hauna hata punje ya mchanga. Mtu wa Lindi akikupa ufuta huo amekupa heshima yake yote. Unauzwa nje ya nchi, watu wamejengea nyumba, wamesomeshea watoto. Apolonia akajaza bakuli la Karani, akatoa uwele wote uliokuwamo akawatupia kuku. Uwele ni chakula cha njaa, alisema moyoni. Ndege wa mume wangu ale ufuta.

Karani alikula ufuta huo kwa pupa, wala hakuimba. Kadiri alivyokula ndivyo alivyonyamaza, na upande wa pili Bwana Harusi akazidi kupasua anga. Apolonia akahitimisha kwamba tatizo si chakula. Tatizo ni ndege wenyewe. Mume wake alimpelekea Batool mzima, yeye akamwachia mbovu.

Hapo ndipo wazo likamjia, na likija wazo la namna hiyo halibishi hodi. Matundu si yanafanana?

Akasubiri Ijumaa. Duka la Noorali limefungwa kwa swala, mzee ameshakwenda msikitini, wanawake wako ndani, baraza tupu. Apolonia akamfunika Karani na khanga, akavuka, akamtundika kwenye ndoano ya Batool, akaondoka na Bwana Harusi chini ya khanga ileile. Moyo ulimwenda mbio kama mwizi wa kuku, lakini alipofika ndani akacheka peke yake.

Kisha akachungulia tundu aliloliiba, akakunja uso. Ndani mlikuwa na majani ya mchicha yaliyonyauka, kipande cha tango kilichodonolewa, makapi ya ulezi, na kwenye fito kumefungwa kwa uzi mfupa mweupe wa dome, ndugu wa ngisi, ule ambao bahari huutupa ufukweni na watoto wanauchezea. "Takataka!" akasema kwa sauti. "Ndege wa mume wangu analishwa takataka za jikoni na za pwani." Akaukata uzi, akautupa mfupa, akapangusa tundu likang'aa, akajaza ufuta na unga wa lishe. Sasa, Bwana Harusi, umefika kwako.

Bwana Harusi aliimba. Apolonia akafungua dirisha wazi ili wimbo ufike kwa Noorali, akawapunguzia bei wateja wote. Getrude akauliza mbona leo ndege wako amefunguka koo, Apolonia akamjibu kwamba ndege ni malezi.

Lakini siku zilivyosonga wimbo ukafupika. Ukawa nusu. Ukawa kijisauti cha asubuhi tu, kisha hata hicho kikakosekana. Na siku moja, akiwa anapanga nyanya, Apolonia akasikia kutoka upande wa pili wa ukuta sauti ndefu, ngeni, yenye madoido kuliko hata ya Bwana Harusi. Akanyanyuka na nyanya mkononi. Huyo ni Karani! Yule mbovu, yule wa kukwaruza, anaimba kwa Batool.

"Ameroga," akasema. Alikuwa na wivu kiasi kwamba alimwonea wivu hata Karani, kwa kuwa yuko barazani kule.

Josephat akapiga simu. Pasaka wamepewa likizo, anakuja. "Nina hamu na wimbo wa Karani," akasema. Apolonia akakata simu akageuka kumtazama ndege. Bwana Harusi alikuwa amekaa chini kwenye sakafu ya tundu, siyo kwenye fito, manyoya yamevimba, macho yamefumba nusu. Akamgusa kwa kidole, naye hakuruka.

Hofu ikamwingia, na kwa mara ya kwanza haikuwa hofu ya kushindwa. Ndege huyu anakufa. Josephat atashuka kwenye basi amkute Bwana Harusi amekufa kwenye nyumba ambayo hakumwacha. Akamwombea kwa Mama Bikira, akajaribu kumpa ufuta, naye hakula. Zikabaki njia mbili. Amwache afe na jina lake Apolonia libaki safi mpaka Josephat afike aone, au avuke ukuta.

Alivuka asubuhi, genge halijafunguliwa. Mama yake Batool, Bi Khatijabai, alikuwa kwenye kiti chake barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umemleta mwingine?"

Apolonia hakuelewa maneno hayo. Batool akatoka, akaona tundu, hakuuliza lolote. Akamshika Bwana Harusi mkononi, akayapuliza manyoya ya tumbo. Chini ya ngozi palionekana njano nzito iliyojaa.

"Mafuta haya, Mama Vero. Amenenepa mpaka anaumwa. Anakula nini?"

"Ufuta," Apolonia akajibu, na hata katika hali ile kidevu kilimpanda. "Wa kwetu Kilangala. Umepepetwa."

"Na nini?"

"Na lishe. Kama unavyowapa wewe."

"Lishe ipi?"

"Ya pakiti. Ya uji."

Bi Khatijabai akaangua kicheko mpaka akashika kifua. Batool hakucheka, na Apolonia alitamani acheke, kwa sababu huruma ya mtu unayemchukia inachoma kuliko kicheko chake.

"Mimi nikisema lishe nina maana mchanganyiko," Batool akasema taratibu. "Unga wa uji unamganda mdomoni, ukilowa unachacha. Chakula chake cha kila siku ni nafaka ndogo, ulezi na uwele, na mbegu za nyasi nikizipata. Ufuta kwake ni kama halua kwetu. Ungekula halua asubuhi, mchana na jioni, ungeweza kuimba?"

Apolonia akatikisa kichwa.

"Halafu jani bichi, nimeliosha. Tango kidogo. Yai la kuchemsha, chembe tu, hasa akinyonyoka manyoya. Ganda la yai nalisaga. Mfupa wa dome anaudonoa, unamtengeneza mifupa. Maji nabadilisha mapema kabla jua halijayapasha. Parachichi na vya chumvi, hata kwa bahati mbaya, hapana."

"Nilidhani mchicha ule ni takataka za jikoni," Apolonia akasema.

"Takataka?" Batool akashangaa kweli. "Mchicha wako huo? Mimi mchicha wa sokoni siununui kwa ajili ya ndege, sijui umepuliziwa nini. Wako najua unatoka bustanini kwako. Mchicha wako, tango lako, yai lako. Ndege wangu wote wanakula kwako, Mama Vero."

Apolonia akageuka, akalitazama genge lake. Asubuhi zote zile alikuwa anamfungia adui yake mchicha kwa mikono yake mwenyewe, na usoni kwake, mezani pake, palikuwa na kila kitu alichokihitaji Karani.

"Na Karani," Batool akaendelea, "nilimwona ile Ijumaa, nikamtambua kwa shavu. Nikamwambia mama, Mama Vero ameona haya kuniomba kwa mdomo, ameniletea mgonjwa kimyakimya. Nikafurahi, Wallahi. Nikajua unaniamini."

Angemwita mwizi, Apolonia angejua la kufanya. Angeweka mikono kiunoni, angejibu, wangesikika mpaka bandarini. Kwa hili hakuwa na silaha. Akasimama pale barazani amechomwa na wema, na wivu wake, badala ya kupungua, ukaongezeka, maana sasa mwanamke huyu amemzidi hata roho.

"Bwana Harusi niachie," Batool akasema. "Nitampunguza polepole. Mchukue Karani, amepona. Mumeo asikute ndoano tupu."

Josephat alifika Jumamosi Kuu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata chai haijapoa, Karani akaanza dirishani. Akaimba mwanzo mpaka mwisho, akarudia. Josephat akaweka kikombe chini.

"Apolonia! Huyu Karani wetu? Umemfanyaje? Hata Bi Batool asingemfikisha hapa." Akamtazama mkewe kama mtu anayemwona upya. "Kumbe una mkono."

Ndiyo maneno yenyewe. Aliyasubiri miezi, aliyaota, na sasa yamekuja, yakamkaa mdomoni kama chakula kilicholala. Kwa sababu yalikuwa mali ya Batool. Hata sifa yake moja, hiyo moja tu, Batool amempa.

"Si mkono wangu!" akapaza sauti. "Ni wa huyohuyo mwanamke wako wa ndege! Mimi nilimnyamazisha kwa ufuta, nikambadilisha na wa kwake, nikataka kumuua na huyo mwingine. Haya, nenda kamsifie!"

"Mwanamke wangu?" Josephat akasema.

"Bwana Harusi ulimpelekea nani? Mimi si ulinipa Karani? Masoko yote ilicheka!"

Kabla Josephat hajajibu, sauti ikasikika kutoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa fupi, ya mgonjwa, ina mikwaruzo. Karani akajivuta juu, akafura shingo, akaimba kwa nguvu mara mbili ya mwanzo.

"Umesikia?" Josephat akainua kidole. "Bwana Harusi kajitutumua, huyu anamfunika. Dume la chiriku haliimbi kwa raha, mke wangu. Linaimba kwa wivu. Ukiliweka peke yake lisisikie mwenzake, linanyamaza. Ukiwaweka chumba kimoja wanapigana. Lazima wawe nyumba mbili zinazosikilizana, na nyumba inayopakana na yetu ni ya Noorali. Ningempeleka wapi, kituo cha basi?"

"Ungeniambia."

"Ungenisikiliza?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Apolonia, tangu niwe na ndege hawa, hujaniuliza jambo moja juu yao. Hata wanakula nini hukuniuliza nilipokuwa naondoka. Bi Batool huniuliza. Mtu anakaa pale anapoulizwa."

Apolonia akakaa kwenye kigoda. Karani alikuwa anaendelea kumtukana mwenzake ng'ambo ya ukuta, kifua kimejaa, na kwa mara ya kwanza Apolonia alimtazama ndege yule akamwelewa kabisa.

Akauliza, kwa sauti ndogo, "Anapenda jani gani zaidi?"

Josephat akavuta kigoda kingine. Walizungumza mpaka kengele ya mkesha ikagonga na wote wawili hawajaoga.

Tusidanganyane kwamba wivu uliisha. Asubuhi ya Pasaka Apolonia aliamka kabla ya watu, akachuma mchicha bustanini, majani machanga kabisa, akayaosha, akaweka ubao wa kukatia juu ya ukuta mfupi wa uani. Alipogusa kisu, akasikia upande wa pili, taratibu, kisu kingine kikigonga ubao. Batool ameshaanza.

Apolonia akakunja mikono ya gauni lake la misa, akakata haraka zaidi.